Kopo Lenye Kitovu

Jumatatu ile mteja wa kwanza wa Ekua Bentuma hakuuliza bei ya kunde. Alilichukua kopo la kupimia, akalichungulia ndani kama mtu aliyedondosha jino humo, kisha akaligeuza na kupitisha kidole kitakoni.

"Halina kitovu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa starehe.

"Wewe, unanunua kunde au unanunua kopo?"

"Usikasirike, Mama. Si mumeo ndiye aliyetufungua macho?"

Tangu wimbo uanze kupigwa redioni, yapata wiki tatu, soko zima la mji wa Swedru, Ghana, lilikuwa likigeuza makopo. Hila yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko soko. Ukiligonga kopo la bati kwa nyundo kitakoni, kitako hubonyea kwa ndani kama kitovu cha mtoto. Ukilijaza, juu linafura kwa shibe, kumbe chini limekwisha kula konzi mbili za mteja. Kila muuzaji alilijua hilo na kila mnunuzi alilishuku, ila hakuna aliyewahi kuliimba, mpaka alipotokea Kobina Arkorful, mume wa Ekua.

Kobina alikuwa na miaka sitini na mmoja, na arobaini kati ya hiyo ameipitisha akiimba hailaifu, muziki wa dansi wa Ghana. Aliimba mahotelini enzi za kanda. Aliimba Hamburg miaka miwili huku akiosha sahani, akarudi na gita moja na koti zito lisilo na kazi Swedru. Tangu hapo aliimba mazishini kila Jumamosi, na maiti hapigi makofi. Halafu mwanawe, Fiifi, akamwita Accra, akamwimbisha chumbani katikati ya magodoro yaliyosimamishwa ukutani, akautia wimbo ngoma za kompyuta. Vijana wa Afrobeats wakaudaka, na sasa hata watoto wa chekechea walikuwa wakiimba:

*Dada, kopo limejaa, mbona sufuria haijai?*
*Ligeuze nilione, kopo lina kitovu!*

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kopo la wimbo lilikuwa la Ekua mwenyewe. Kobina alimfuma nyuma ya jiko siku moja ya vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, amepiga magoti, nyundo mkononi, analigonga kwa adabu kama mtu anayebisha hodi. Alicheka hadi akakaa juu ya kuni. Ekua alimwapisha palepale, naye akaapa. Wimbo ulipotoka, Ekua alilisukuma kopo lile chini ya kitanda, akanunua lililonyooka, na faida yake ikaanza kukonda. Ndiyo maana mteja wa Jumatatu hakukuta kitu.

Mteja alikuwa bado anapimiwa zilipotokea sandali nyeusi zilizojulikana na soko zima. Nana Gyesiwa, malkia wa kunde na mahindi, yaani mkuu wa wote waliouza vitu hivyo, hakuwa na desturi ya kutembelea meza za watu. Watu walikwenda kwake.

"Ekua Bentuma."

"Nana."

"Leo asubuhi watoto wa shule wamepita mbele ya ghala langu wakiimba. Unajua wameimba nini?"

"Nana, watoto ni watoto..."

"Walikuwa wananinyooshea kidole." Nana alisema hivyo polepole. "Mji mzima unasema kopo la mumeo ni langu. Eti ghorofa yangu imejengwa kwa vitovu. Makopo yote humu yamegeuzwa isipokuwa langu, kwa hiyo ndilo lenyewe. Ndivyo wanavyosema. Au mimi sisikii vizuri?"

Ekua angeweza kulisema palepale. Maneno yalifika mpaka kwenye ulimi. Lakini wauzaji wa mistari mitatu walikuwa wameacha kuuza ili wasikilize, na Yaaba, jirani yake wa meza kwa miaka kumi na mitano, alikuwa amefumbua kinywa kabisa. Maneno yakarudi yalikotoka.

"Ipindueni," Nana aliwaambia wasichana wake wawili.

Wakakusanya kunde kwenye beseni la Ekua, wakaipindua meza, miguu ikatazama juu. Meza iliyopinduliwa na malkia haiguswi na mtu yeyote, hata mwenyewe.

"Alhamisi mumeo aje uani kwangu aseme mwanamke wa wimbo ni nani. Akishindwa, wimbo ufe, Jumamosi asiuimbe kwenye lile tamasha lake la uwanjani. Na akiuimba, meza hii itaoza hivihivi."

Nafasi ile Ekua aliirithi kwa shangazi yake. Alikuwa ameikalia miaka ishirini na miwili, na ndiyo iliyomlisha Fiifi, ikamsomesha, ikanunua nyuzi za gita miaka ambayo gita halikununua hata chumvi. Alijitwika beseni, akatoka sokoni mchana kweupe, na kila alipopita watu walianza kukohoa.

* * *

Nyumbani alimkuta Kobina amevaa suti nyeupe, anajigeuza mbele ya kioo alichokiazima kwa jirani.

"Ekua! Njoo uone. Fiifi amenitumia ya Jumamosi. Tazama, nikikaa upande hivi, tumbo linapotea."

"Halijapotea. Limehamia mgongoni."

Kobina alicheka. Alikuwa na cheko la mtu asiye na deni na mtu, jambo ambalo halikuwa kweli. Ndipo akaliona beseni limejaa, na saa yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi. Ekua akamweleza yote akiwa amesimama. Kobina alikaa kitini, lakini kwanza aliivuta suruali magotini isijikunje, na kitendo hicho kidogo kilimpandisha Ekua hasira kuliko wimbo wote.

"Uliapa, Kobina!"

"Niliapa sitamwambia mtu. Sikumwambia mtu. Niliimba."

"Umemwaga mtama kwenye kuku wengi, halafu unaniambia hukuita kuku?"

"Lakini sikukutaja jina! Ningejuaje watamrukia Nana? Ni wimbo tu, hauna mtu."

"Hapa Swedru? Hapa ukiimba mvua, watu wanauliza ni mvua ya nyumba gani."

Simu ikalia. Alikuwa Fiifi kutoka Accra, sauti imejaa chumba chote. "Baba! Mama! Tumefika laki sita!"

"Laki sita ya nini?" Ekua aliuliza.

"Ya wasikilizaji, Mama!"

"Wananunua kunde hao?"

"Mama naye! Jumamosi nakuja na tarumbeta nne. Baba, umeijaribu suti?"

Simu ikakatika. Kobina alilivua koti, akalitundika kwa uangalifu nyuma ya mlango.

"Niambie nisiimbe," alisema. "Niambie, Ekua, na sitaimba."

Huo ndio uliokuwa ubaya wa Kobina: ukimkaba kidogo anakupa shingo nzima. Ekua alilitazama lile koti. Wiki iliyopita vijana wa mtaani walimsimamisha mumewe langoni wapige naye picha, na walipoondoka alibaki pale, amesimama vilevile, mkono bado umeshika kiuno, kama kwamba kuna picha nyingine inakuja. Miaka thelathini hakuna aliyemwomba picha. Ekua aliupenda ule usimamaji wake wa kijinga, na alijichukia kwa kuupenda siku kama hii.

"Kula chakula chako," alimwambia. "Na usikae na suruali hiyo karibu na mafuta ya mawese."

"Usijali, mke wangu. Alhamisi nina mpango."

Ekua aliijua mipango ya Kobina. Mmoja wao ulikuwa Hamburg.

* * *

Jumanne aliweka beseni langoni auze kwa majirani. Wa kwanza kuja alikuwa mama wa nyumba ya pili, na alikuja na kikombe chake kutoka nyumbani.

"Nipimie kwa hiki, Mama Fiifi. Si kwamba nakushuku. Ni mazoea tu ya siku hizi."

Mazoea ya wiki tatu! Ekua akampimia, akamwongeza konzi moja na tabasamu, na alipoingia ndani akaketi jikoni muda mrefu bila kazi. Jioni Yaaba alipita kumjulia hali, mdomo wake ukiwa umebeba habari na shingo ikiwa imebeba aibu: muuza pilipili ameanza kuutandaza mkeka wake kuelekea ile nafasi. Kidogo tu, shubiri moja.

"Na wewe humwambii kitu?"

"Dada, nimwambie nini? Na mimi makopo yangu yote mawili nimeyapeleka kwa fundi bati. Kuna foleni kwake kama ya zahanati. Kunyoosha anatoza zaidi kuliko alivyotoza kubonyeza!"

Walicheka wote wawili, mpaka Yaaba akajifuta macho. Kisha akauliza, kwa upole wa rafiki anayejua jibu, "Ekua, hivi yule mwanamke wa wimbo ni nani hasa?"

"Muulize mwimbaji," alisema Ekua.

Kesho yake alikwenda kwa Nana na kreti ya mayai, amuombe meza kabla ya Alhamisi. Alikalishwa kwenye benchi la watoto wanaongoja kusukwa nywele, magoti yakimfika kidevuni, tangu saa tatu mpaka adhana ya mchana. Kisha msichana akatoka kumwambia kwamba Nana hali mayai.

* * *

Alhamisi ua wa Nana Gyesiwa ulijaa. Malkia wa viazi vikuu alikuwapo, wa samaki, na wa nyanya. Kobina alileta chupa mbili za pombe kali ya jini kama inavyopasa, na moja ikamiminwa chini kwa mababu kabla ya neno lolote. Nana hakusema na Kobina moja kwa moja. Alisema na msemaji wake, mama mwembamba mwenye fimbo, naye akayarudia maneno, ingawa watu wote walikuwa wameyasikia mara ya kwanza.

"Nana anauliza, mwanamke wa wimbo ni nani?"

Kobina akasimama, akashusha kitambaa alichojitanda begani, ishara ya heshima. "Mwambieni Nana kwamba mwanamke wa wimbo ni mama yangu mzazi, marehemu Aba Otuwa, aliyeuza mahindi Winneba. Kopo lilikuwa lake. Mungu amrehemu."

Huo ndio uliokuwa mpango.

Minong'ono ikapita. Malkia wa samaki alitikisa kichwa kwa huruma. Nana naye alionekana kulegea, maana ni nani atakayegombana na kaburi? Ekua aliona mlango umefunguka. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kesho angekuwa mezani kwake.

Lakini Aba Otuwa hakuwahi kuuza mahindi. Alioka mikate, na kila aliyenunua mikate kumi alipewa wa kumi na moja. Ekua ndiye aliyemwogesha mwezi wake wa mwisho duniani, na yule mama mkwe, hata sauti ilipokwisha, alikuwa akimpapasa mkono kwa kumshukuru. Marehemu hana mdomo wa kujitetea. Ekua alishangaa kuona amekwisha simama.

"Nana, mume wangu anasema uongo."

"Ekua, kaa chini," Kobina alinong'ona.

"Kopo ni langu."

Asubuhi ile alikuwa amelitoa chini ya kitanda na kulitia kapuni, na njia nzima alijiambia kwamba hajui kwa nini. Sasa alilitoa kapuni, akampa msemaji. Yule mama akalichungulia, akaingiza mkono, akapapasa, kisha akageuka kwa heshima zote.

"Nana, lina kitovu."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Masikio ya Ekua yalikuwa ya moto. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini yeye alikuwa amejivua mwenyewe, kwa hiyo alibaki wima, macho kwenye kidole gumba cha mguu wake. Mtu mmoja tu hakucheka.

"Nileteeni langu," alisema Nana Gyesiwa, na safari hii hakupitia kwa msemaji.

Likaletwa kutoka ghalani. Lilikuwa limechakaa, mdomo wake umeng'aa kwa kushikwa. Nana aliligeuza mbele ya wote. Kitako kilikuwa tambarare kama sinia.

"Miaka thelathini na minane," alisema. "Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuligeuza. Mliniogopa kuniuliza, mkaona afadhali mnisengenye. Wale watoto waliponinyooshea kidole, nilikwenda chooni nikalia. Mimi."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Malkia wote waliinamisha vichwa. Hata wa nyanya, ambaye huuza kwa fungu na hana kopo, aliinama.

"Mwambieni Nana," alisema Kobina taratibu, "mbona hakuligeuza siku ya kwanza mambo yakaisha?"

"Malkia akigeuza kopo lake leo kwa sababu ameimbiwa, kesho ataambiwa ageuze na nini?" alijibu Nana, na hapo kicheko kikarudi kidogo, naye mwenyewe akaubana mdomo. "Sikilizeni. Wimbo hautakufa. Ni mtamu, hata mguu wangu unanisaliti. Lakini umenichafua bila jina. Nitasafishwa kwa jina. Jumamosi, mbele ya mji, Kobina Arkorful ataimba mwenye kopo ni nani. Habari ya meza nitaamua baada ya hapo."

"Nana!" Kobina alimsahau msemaji. "Niimbe jina la mke wangu?"

"Si ulishaanza?"

Walirudi kwa miguu mpaka kwenye daraja. Hapo Kobina akasema, "Nitaanguka jukwaani. Nitajifanya nimezimia."

"Katika suti nyeupe?"

Akafikiri. "Hapana," alikiri.

* * *

Jumamosi alasiri uwanja wa mpira wa shule ulijaa hadi kwenye magoli. Watu walikuja na makopo. Walikuja nayo ya maziwa, ya rangi, ya kunde, na vijiko vya kuyapigia, na Fiifi aliposhika kompyuta yake na tarumbeta nne zikainuka, makopo elfu yakaanza kulia kwa pamoja. Nana Gyesiwa aliketi chini ya mwavuli wake mstari wa mbele. Ekua alisimama pembeni na Yaaba, amejifunga kitambaa kizuri alichokuwa akikiwekea sikukuu, maana kama ni kuaibika, aliona bora aaibike akiwa amependeza.

Na Kobina aliimba. Ekua alikuwa amesahau. Kwa miaka mingi alimsikia akiimbia majeneza, sauti imekunjwa kama nguo ya kuhifadhi. Leo aliikunjua yote. Tumbo lilikuwa mbele na wala hakulijali. Vijana waliruka, wazee waliobeba vitambaa vyao begani walicheza kwa mabega, na Ekua akajikuta anaitikia kiitikio cha aibu yake mwenyewe.

Kisha ala zikanyamaza, zikabaki ngoma. Hapo ndipo pa kulitaja jina.

"Na mwenye kopo hili," aliimba Kobina, "mwenye kopo hili ni..."

Mdomo ulikuwa wazi. Hakikutoka kitu. Tarumbeta zikamfunika, zikazunguka tena mpaka palepale. "Mwenye kopo hili ni..." Akamtafuta Ekua kwa macho, akampata, na mdomo ukafunga. Watu wakaanza kuuliza kwa makopo, *Nani? Nani? Nani?* Fiifi alimpungia baba yake mikono kwa wasiwasi. Nana Gyesiwa hakusogea chini ya mwavuli.

Wiki nzima Ekua alitamani mwanamume huyu angejua kufunga mdomo. Leo ameufunga, mbele ya mji, katika siku aliyoingoja miaka thelathini, na angeuacha wimbo ufie mkononi mwake kuliko kulitamka jina lile. Ekua aliona machozi yakimtoka mzee wa watu na kuichafua kola nyeupe. Akampa Yaaba mkoba wake.

"Unakwenda wapi?" Yaaba alipiga kelele.

Hakuwahi kupanda jukwaa. Ngazi zilikuwa za mbao na moja ilikuwa na msumari. Alimpokonya mumewe kipaza sauti kama anavyompokonya kijiko akiionja supu, akawageukia watu, na sauti iliyotoka haikuwa ya kuimba hata kidogo; ilikuwa ya kunadi.

"Mimi! Ekua Bentuma! Kunde, mstari wa tatu, karibu na bomba! Kopo langu lilikuwa na kitovu, nimelibadilisha! Na la Nana Gyesiwa halijawahi kuwa nacho, tangu azaliwe!"

Uwanja ukapasuka. Makopo, tarumbeta, vigelegele, vyote vikaingia kwa mpigo mmoja, na Kobina, analia na kucheka, akalidaka jina na kuanza kuliimba, Bentuma, Bentuma, likatoshea kwenye wimbo kama lilikuwa likingojewa. Watu walipanda kumbandika Ekua noti kwenye paji la jasho, kama wanavyotuzwa waimbaji, yeye ambaye miaka yote aliwaona wengine wakibandikwa. Hakujua aiweke wapi mikono yake, basi akacheza.

Ndipo watu wakapisha. Nana Gyesiwa alikuwa anapanda zile ngazi, polepole, bila mwavuli, sandali zake nyeusi zikifuata ngoma. Alimfikia, akambandika noti katikati ya paji, akaibana kwa kidole isianguke, na akiwa amemshika hivyo akamsogelea sikioni.

"Jumatatu njoo mapema tuigeuze ile meza," alisema. "Upande mmoja nitashika mimi."